Yowe Lisilopigwa: Kibanda Umiza cha Kirumba Chabishana na Mzimu

Siku isiyo na mpira ndiyo siku ya picha. Simba au Yanga ikiwa uwanjani, vibanda umiza vya Kirumba, hapa Mwanza, havina pa kuweka hata goti. Mechi ikikosekana, mwenye kibanda hutafuta cha kuziba pengo, na mara nyingi huwa picha ya nje iliyotiwa sauti na DJ, anayeisimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya asili. Kiingilio mia tano, mabenchi ya mbao, turubai juu, runinga mbili zinazoonyesha kitu kimoja na spika moja inayokoroma. Kwenye kibanda cha namna hiyo, jirani na mwaloni wanakoshushia samaki, ndipo palipozuka ubishi ninaotaka kuuchambua. Picha yenyewe haikumpendeza karibu mtu yeyote. Lakini ilipokwisha watu hawakuondoka, na kwa kibanda umiza hilo ni jambo la ajabu kuliko mzimu wowote.

Jina lake la asili DJ alikuwa amelifuta na kubandika la kwake, kama ilivyo desturi yao, kwa hiyo nitaieleza kwa kisa chake. Binti anarudi nyumbani usiku. Kwenye uwanja wa magari, chini ya ghorofa anamokaa, mwanaume anamvamia kwa kisu. Anapiga kelele. Juu, taa za madirisha zinawaka moja baada ya nyingine, saba kwa jumla. Mapazia yanasogezwa. Hakuna anayeshuka, hakuna anayepiga simu, na kijana mmoja anarekodi. Mshambuliaji anatazama juu, anaona taa, anarudi nyuma. Anasubiri. Akiona kimya, anarudi kumalizia.

Muuaji anakamatwa mapema, hata nusu saa haijapita, na baada ya hapo picha haina shida naye tena. Kinachobaki ni mlango kugongwa. Leo kwa huyu, keshokutwa kwa yule, kwa mpangilio uleule ambao taa ziliwaka, na kila kukicha mtu anakutwa amekufa kwa hofu nyuma ya mlango uliofungwa komeo. Steringi, mhusika mkuu, ni mwanaume wa ghorofa ya nne, taa ya sita. Anakuja kugundua mwishoni kwamba mzimu hauui mtu. Unagonga na kuomba msaada, basi, kwa maneno yaleyale ya usiku ule. Anayekufa ni yule anayejifungia.

Kama picha, ina saa moja nzuri na dakika ishirini za hovyo. Mzimu ukiwa mlango tu, unatisha. Ulipoonyeshwa uso, na zile nywele ndefu zilizolowa ambazo kila mtazamaji ameshazizoea, watoto wa mbele waliangua kicheko. Ila kuna kitu kilichotokea kabla ya hapo ambacho mtengenezaji wa picha hakukipanga. Tukio la uwanja wa magari limejengwa kwa ukimya: binti analia, na juu hakuna sauti hata moja. DJ hana uwezo wa kunyamaza. Ndiyo kazi yake. Kwa hiyo pale palipotakiwa kuwa kimya tukamsikia yeye: “Wee! Wee mwenye singlendi, unachungulia nini? Shuka! Jamani, pigeni hata yowe!” Mpenda sinema atasema ameharibu. Mimi naona aliitengeneza upya. Katika picha nzima, yeye peke yake ndiye shahidi aliyepaza sauti, na hakuna aliyeweza kumsikia. Wa kwenye mabenchi walimsikia. Kabla kisu hakijarudi mara ya pili, kibanda chote kilikuwa kinaipigia runinga kelele.

Ndiyo maana ubishi ulipoanza ulianza kwa hasira.

Shitaka la kwanza lilikuwa la steringi. Kwa mtazamaji wa kibanda umiza, steringi ana masharti yake: hakimbii, hafi kabla ya mwisho, na mwanamke akilia anajitokeza. Huyu alifunga pazia. “Steringi gani anafunga pazia?” aliuliza dereva wa bodaboda aliyepakata helmeti yake mapajani, na benchi zima likamuunga mkono. Shitaka la pili lilikuwa zito zaidi. Muuaji yuko ndani, anakula na kulala, hakuna kinachomgusa; mzimu unahangaika na watu waliokuwa vitandani mwao. Mtu wa nyuma akasema, “Hata mzimu unamwogopa mwenye kisu.” Watu wakacheka, lakini hoja ilikuwa halali. Picha nyingi za mizimu zimetuzoesha kwamba damu inamtafuta aliyeimwaga.

Aliyeupindua mjadala ni mama mmoja anayeuza dagaa. Alikuwa ameingia na beseni lake tupu, akaligeuza na kulikalia karibu na mlango ili asiminyane na vijana. “Huyo muuaji mnataka aulizwe nini?” alisema. “Si ameshajibu, kwa kisu. Hao wa juu ndio hawajajibu. Wameitwa, wamesikia, wamenyamaza. Mwenye deni ni yule aliyeitwa.”

Ukimya mfupi. Kisha mtu akamgeukia mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, ambaye muda wote alikuwa hajasema neno. “Mzee, shikamoo, hebu tusaidie hapo.” Mzee akaitikia, akachukua muda wake. “Wanangu, aliyekufa hamsumbui mtu wa mbali. Anamsumbua wa kwake. Mgeni atamdai nini?” Alikuwa anasemea masamva, wazee waliotangulia, ambao Wasukuma husema huwashukia watu wa ukoo wao wenyewe pale wanaposahauliwa, hawatembei wakitafuta watu wasiowajua. Halafu akamalizia: “Sasa huyu binti hakuwa na ndugu kwenye lile ghorofa. Amewagongea wale kwa sababu aliwahesabu kuwa watu wake.”

Nimesoma na kusikia tafsiri nyingi za picha za aina hii, na sijakutana na inayoizidi hiyo. Inajibu shitaka la muuaji moja kwa moja. Mzimu haulipizi kisasi, unadai ujirani. Na inaeleza kwa nini anayefungua mlango anabaki hai, jambo ambalo picha yenyewe inalipitia haraka haraka kana kwamba lilibuniwa asubuhi ya siku ya kurekodi.

Mzee alikuwa anasema pia kutoka kwenye sheria ya nyumbani. Usukumani yowe la hatari, mwano, halikuwa ombi. Ng'ombe wakiibwa au mtu akivamiwa, yowe linapigwa, anayelisikia analipokea na kulipeleka mbele, na kila mwanaume mwenye nguvu anatoka na alichonacho. Sungusungu walipoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukuma na Unyamwezi, kupambana na wezi wa mifugo na wanyang'anyi, walijijenga juu ya wajibu huohuo, na mwaka 1989 sheria ya nchi ikawatambua. Asiyeitikia yowe alitozwa faini. Akikaidi, alitengwa: hapewi hata moto na jirani, na akifiwa anazika mwenyewe. Kwa macho ya mzee, wale watu saba wasingehitaji mzimu. Wangeshughulikiwa na kijiji kabla ya arobaini.

Picha za watu waliotazama na kunyamaza zina asili inayojulikana. Tarehe 13 Machi 1964, huko Queens, New York, mwanamke aliyeitwa Kitty Genovese alichomwa kisu usiku akirudi kutoka kazini. Mshambuliaji alikimbia, akarudi, akammalizia. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika kwamba majirani 38 walitazama na hakuna aliyepiga simu polisi wakati anashambuliwa. Dunia ikashtuka. Wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, wakafanya jaribio lao maarufu la mwaka 1968: mwanafunzi amekaa peke yake chumbani, anamsikia mwenzake kwenye kipaza sauti akishikwa na kifafa. Waliodhani ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kuomba msaada. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Kwa maelezo yao, si kwamba watu wana roho mbaya. Kila mmoja anadhani mwenzake ameshatoka.

Fundi simu mmoja pale kibandani alilisema hilohilo bila kumsoma mtu. “Taa saba zimewaka. Mimi nikiwa wa saba, nitajuaje kama wa kwanza hajapiga simu?” Kisha akaongeza la kwake, ambalo halimo kwenye jaribio lolote la Marekani. “Na nikishuka nikambeba, nampeleka wapi? Hospitali wataniuliza PF3. Nikienda kituoni kuichukua, wa kwanza kuandikishwa maelezo ni mimi. Kesi inaahirishwa mara kumi, kila mara naitwa shahidi, nauli yangu, siku yangu.” Hapo hakuna aliyecheka. Kila mtu anaifahamu ile fomu namba tatu ya polisi, na kila mtu ana ndugu aliyewahi kujuta kumwokota majeruhi barabarani. Mimi nadhani hoja hii inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Woga wa kisu unaisha usiku huohuo. Woga wa faili unachukua miaka.

Ila kile kisa cha Queens hakikuwa kama kilivyoandikwa. Baadaye ilionekana kwamba wengi wa wale 38 hawakuona chochote. Walisikia kelele wasizozielewa, na sehemu ya pili ya shambulio ilitokea ndani ya korido ambako karibu hakuna dirisha linaloona. Jirani mmoja, Sophia Farrar, alishuka na kumpakata Genovese mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kwamba habari yake ya awali ilikuwa na kasoro na ilitia chumvi idadi ya mashahidi. Na mwaka 2019 watafiti walipokagua kamera za barabarani zilizonasa ugomvi 219 katika miji ya Lancaster, Amsterdam na Cape Town, waliona kwamba katika matukio tisa kati ya kumi angalau mtu mmoja aliingilia kati, na kadiri watu walivyokuwa wengi, ndivyo uwezekano wa kupatikana msaada ulivyoongezeka.

Kwa maneno mengine, kijana wa bodaboda aliyeguna kuwa picha ni ya uongo alikuwa na pa kusimamia. Ushahidi wake ulikuwa wa karibu zaidi. “Sisi sio hao,” alisema. “Ile ndege ya Bukoba, nani alifika wa kwanza? Wenye suti?” Anazungumzia asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia ziwani ikikaribia uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Walikufa 19. Kabla ya boti yoyote ya serikali, walifika wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, akawa jina la nchi nzima na kupewa kazi kwenye jeshi la zimamoto na uokoaji. Mwingine akataja kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia gati, watu zaidi ya 220 wakafa. Na kule pia waliowahi kuwatoa watu majini walikuwa wenye mitumbwi. Mtu wa ziwani hana tabia ya kufunga pazia. Chombo kikizama, unaacha nyavu na unapiga kasia, kwa sababu kesho ni chako.

Kibanda kikachangamka. Watu wakaanza kuitengeneza picha upya, Kirumba badala ya ughaibuni. Binti anapiga yowe. Mlango wa kwanza unafunguka, wa pili, wa tano. Bodaboda wanawasha taa. Mwanaume mwenye kisu hafiki mbali. “Tungetoka wote!” Makofi. “Tungemkamata pale pale!” Makofi. “Tungemchoma!” Makofi pia, lakini machache, na hapo ndipo yule mama wa dagaa alipouliza bila kupaza sauti: “Na kama mliyemkamata siye?”

Hili ndilo swali ambalo picha ile haina uwezo wa kuliuliza, na ndilo lililowaweka watu kwenye mabenchi. Hofu ya mtengenezaji wa picha ni kwamba mtu ataita na hakuna atakayekuja. Sisi tuna hofu hiyo, lakini si hiyo inayotunyima usingizi. Ya kwetu ni kwamba mtu ataita “mwizi!” na watakuja wote. Yowe lilelile linaloutoa mtaa kitandani kumwokoa mwenye haki ndilo linaloutoa kumpiga mawe mtu ambaye hakuna aliyemuuliza jina. Magazeti yetu yana sentensi yake tayari, “wananchi wenye hasira kali”, na sentensi hiyo haina mtu ndani yake. Hakuna aliyepiga, hakuna aliyeleta petroli, hakuna aliyesimama. Kanda hii ya Ziwa imeona pia bibi vizee wakiuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa miaka ya kupikia, na kwenye visa hivyo kijiji kizima hakijaona kitu.

Yule kijana wa bodaboda akasema, akiwa ameinamia helmeti yake, kwamba aliwahi kuwepo. Hakutaja ni wapi wala lini na hakuna aliyemuuliza. Walikuwa wengi. Yeye hakurusha jiwe. “Nilishika simu tu,” alisema. “Nilikuwa narekodi.” Jamaa aliyechomwa aliomba maji, na kwenye video yake sauti hiyo inasikika, kwa hiyo alishaifuta. Wiki moja baadaye ikasemekana pikipiki iliyodaiwa kuibwa ilikuwa imekopeshwa na shemeji yake.

Fundi simu akamuuliza, si kwa ubaya, “Huyo mzimu wake ungegonga kwa nani?”

Hebu tulichukue swali hilo kwa uzito, maana ndilo kiini cha kisa hiki. Kwenye ghorofa la picha kuna madirisha saba, taa saba, mpangilio. Mzimu unajua pa kuanzia na pa kumalizia. Kwenye mduara wa watu mia moja na zaidi, aliyeshika jiwe, aliyeshika simu na aliyekuwa anapita tu na ndizi zake wamesimama bega kwa bega. Sheria inajaribu kuwatenganisha. Kanuni ya Adhabu, kwenye vifungu vya 22 na 23, inamhesabu kuwa mkosaji anayetenda, anayesaidia, anayechochea, na wale wenye nia moja ya kutenda kosa. Kuwepo tu, bila zaidi, hakutoshi kumtia mtu hatiani. Kwa mahakama, basi, mwenye simu ni shahidi. Yeye mwenyewe hakujiona hivyo. Alikuja kwenye picha ya mzimu akamdhihaki aliyefunga pazia, na katikati ya dhihaka akakuta kwamba mtu aliyefanana naye kuliko wote ni yule kijana wa dirishani aliyekuwa anarekodi.

Watu walitofautiana hapo, na sioni kwamba tofauti hiyo iliisha. Wapo waliosema mmoja asingeweza kuzuia mia. Angejaribu, angeambiwa ni mwenzake na mwizi, na matairi yangekuwa mawili. Hiyo ni kweli tupu, na yeyote anayekaa mitaa yetu anaijua. Mama wa dagaa hakukubali kwamba ilimtaka azuie mia. “Aliomba maji,” alisema. “Si ulisema aliomba maji?” Mzee aliona tofauti nyingine. Kwa maelezo yake, zamani aliyepiga yowe alibaki na yowe lake: watu wakifika, yeye ndiye wa kwanza kusimama mbele na kueleza ameona nini, na akiwa ameita bure anatozwa yeye. Siku hizi anayeanza kuita “mwizi” ndiye wa kwanza kupotea. Nadhani mzee alikuwa anaipamba zamani yake kidogo. Sungusungu nao wamewahi kuwaumiza watu wasio na hatia, na yeye umri wake unamruhusu kulijua hilo. Lakini utaratibu anaoutaja haupo kwenye mduara wa matairi, na kutokuwepo kwake kunaonekana.

Kwa hiyo waliosema picha ni mbaya kwa sababu hakuna mtaa wa namna ile walikosea jambo moja. Mtaa wa namna ile upo hapa hapa, ila kwetu watu hawako nyuma ya pazia. Wako nje, wamesimama wengi, na kila mmoja anamwona mwenzake. Taa ya mtu ikiwaka peke yake dirishani anaweza kuhesabiwa. Akiwa katikati ya umati, hahesabiki, hata na mzimu. Ningependa kuona vijana wa hapa Mwanza, wale wanaorekodi filamu kwa kamera za kukodi, wakilishika hilo: picha ambayo marehemu anarudi mtaani na hajui agonge wapi, kwa hiyo anakaa tu kijiweni na kuomba maji kwa kila anayepita. Haihitaji nywele ndefu wala damu ya rangi. Inahitaji spika nzuri, na DJ atakayekubali kunyamaza mara mbili tatu.

Mwenye kibanda aliwataka watu radhi maana saa zilikuwa zimekwenda, akauliza kesho waweke nini. Kura ikaangukia picha ya Kihindi. Watu wakatoka, mama akabeba beseni lake kichwani. Kijana wa bodaboda alibaki akimsubiri mwenye kibanda azime jenereta, akamuuliza kama ile picha ya mzimu inaweza kuhamishiwa kwenye flashi. Akaambiwa buku. Akalipa, akaomba awekewe ile yenye sauti ya DJ.